Kitabu Kilichokaa Juu ya Kabati

Dada Veronika, shikamoo. Miaka miwili nimesoma ukurasa wako nikiwacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, wala sijui nianzie wapi.

Mimi ni karani wa mradi wa visima hapa Kyela, na wafadhili wamesema kuanzia Julai hii ya 1996 msimamizi lazima awe na cheti cha usimamizi wa miradi, nafasi wameniwekea mimi, nisipofaulu wanaleta mtu kutoka Dar, na kozi yenyewe ni ya posta, unajisomea mwenyewe, mtihani uko Mbeya baada ya wiki sita. Nikaanza na kitabu kinene alichoniletea shemeji Andrea kutoka Karonga ng'ambo ya mpaka, Kiingereza chake kigumu, nikafika sura ya pili nikasikia Ambrose wa ofisini ana notisi za fotokopi, nikaziazima, nikaona fupi mno, nikaingiwa na hofu, nikanunua sokoni Lyulilo kitabu cha maswali na majibu kilichovuka ziwa kwa mtumbwi, hakina jalada, sijui ni cha mwaka gani, nacho nimekiachia katikati. Nikishika kimoja nahisi jibu liko kwenye kingine, nasoma nimesimama, chai inapoa, mume wangu Hezroni anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Cha nne ndicho kinaniumiza. Baba mkwe alisimamia miradi ya serikali miaka mingi kabla ya kupunguzwa kazini, na mtihani huu aliufanya. Mama mkwe alikileta mwenyewe kitabu chake, amekifunga kwenye kanga, na pembeni kote mzee kaandika kwa penseli. Ila unajua kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wala hawaongei, nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite, na mwaka wa saba huu hajawahi kunisemesha neno. Nikifungua kile kitabu naona kama amekaa mbele yangu, nakifunga. Hata vitu alivyosahau ndani, penseli mpya iliyochongwa na karatasi nyeupe tatu, sijavigusa. Kiko juu ya kabati. Nisome kipi, dada yangu? Nimechoka.

Mkamwana, Mbugani

Mkamwana, marahaba, na pole. Sasa nivumilie nikugombeze.

Umenieleza jalada na mtumbwi, lakini muhtasari wa mtihani hukuutaja hata mara moja. Nadhani umo kwenye bahasha uliyotumiwa na chuo ulipojiandikisha, umekaa tu. Utoe leo. Unachagua vitabu kabla hujajua utaulizwa nini, na huko ndiko kuhangaika kwako kunakotoka, usikisingizie Kiingereza cha Karonga. Pitia mada moja moja, kando yake andika ni kitabu kipi kimekueleza ukaelewa. Kitakachobeba mada nyingi ndicho chako, hata kama kinakutetemesha. Kisicho na jalada mpe muuza karanga afungie. Za Ambrose mrudishie, utaziazima tena wiki ya mwisho kujikumbusha. Cha shemeji kifungue pale tu mada inapokosekana kwingine.

Ila nina hakika unajua tayari kitakuwa kipi, ndiyo maana ukakipandisha juu ya kabati. Sikuambii uvunje heshima. Endelea kuingia migombani, mimi nimeolewa Tukuyu na nimeingia sana. Lakini mama mkwe wako kakuletea kitabu mchana kweupe, na mzee anajua. Mila inawazuia kuonana na kuongea. Nani kakuambia inakuzuia kusoma?

Na hivyo vitu unavyosema amesahau, mama, fikiri kidogo. Mtu aliyesimamia miradi maisha yake yote asahau penseli mpya, na ameichonga kabisa? Karatasi ni za maswali yako. Ukikwama unaandika, mama mkwe anapeleka, jibu linarudi. Miaka saba mzee hajapata njia ya kukusemesha, sasa ameipata, wewe umeiweka juu ya kabati.

Kishushe. Sura moja kila siku tatu, umekaa chini, na chai uinywe ya moto. Karatasi ya kwanza usiandike swali. Andika ndaga, asante ya Kinyakyusa, mshukuru baba yako, umpe mama apeleke leo.