Kutangaza Njia

Kwako dada yangu Tarumbeta,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo wa shemeji umetulia, na kwamba ameacha kubeba ndoo mbili mbili za maji kama kijana anayetafuta mchumba. Sisi huku tunapumua. Wifi yako ni mzima, anakusalimu, na anasema kile kitambaa ulichomletea amekishona na kimemkaa vizuri kuliko alivyotarajia. Mimi mwili haujambo. Nimesema mwili, mengine nitayafikia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu hunipi nafasi, dada. Nikisema neno moja wewe una kumi, na hili ninalotaka kukuambia nikikatizwa katikati sitakuwa na nguvu ya kulianza upya. Kwa hiyo kaa penye mwanga wa kutosha, soma mpaka chini kabisa, usiruke. Linalokuhusu wewe nimeliweka mwisho kwa sababu ya woga.

Nianzie kwenye baiskeli. Unajua toka nianze kuendesha basi la shule sikuwa na hamu tena ya kukalia kitu chochote chenye magurudumu siku za mapumziko. Lakini wifi yako alinishikia bango. Alisema nimekuwa mtu wa kuchungulia chungulia na kununa, nagombana na milango, na kwamba basi limenikausha roho. Ni kweli mwaka huu nimelikwaruza lile basi mara kadhaa, daima ubavu wa kulia, nikaulaumu ukuta wa shule, nikamlaumu mlinzi wa geti, nikalaumu hata kioo cha pembeni kwamba kimelegea. Kwa hiyo Jumapili moja akazipangusa vumbi baiskeli mbili, akatia upepo, akaniambia twende tukatembee taratibu, hatuna tunakowahi.

Tulishika ileile njia yetu ya utotoni, inayofuata mfereji nyuma ya nyumba. Siku hizi wameipendezesha. Pale palipokuwa na vichaka na chupa zilizovunjika wamemwaga kokoto laini, wamepanda miti midogo kila upande na kuweka mabenchi. Ukipita unaona migongo ya nyumba za watu: nguo zimeanikwa, mzee anapaka rangi geti lake huku ameipaka na suruali yake, redio inazungumza peke yake dirishani. Nikamtangulia wifi yako. Upepo ulikuwa mzuri, mnyororo unatoa ule mlio wake wa chini chini, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini nikajisikia nimefurahi. Nakuambia hivi ujue kwamba haikuwa siku mbaya. Ilianza kama siku ya watu wenye bahati.

Kwenye daraja la mbao nikasikia kengele ikilia karibu kabisa. Nikatazama, sikuona mtu. Mara bwana mmoja mwenye kofia akatokea kama ameota kutoka kwenye mbao, akanipita huku akilalamika kwamba njia si ya baba yangu. Mbele kidogo nusura nimbebe mama aliyekuwa anatembeza mbwa. Wifi yako akaniuliza kama nimelewa. Nikamjibu kwamba watu siku hizi wanatembea ovyo.

Halafu tukafika kwenye kivuko, pale njia inapokatiza barabara kubwa. Ndiyo, kilekile. Nilisimama, dada. Nilisimama kabisa, mguu mmoja chini, kama tulivyofundishwa. Nikatazama huku na huku. Barabara ilikuwa tupu, nyeupe kwa jua. Nikakanyaga pedali. Nilichosikia baada ya hapo ni wifi yako akipiga ukelele ambao sikujua kama anao, na breki, na joto la injini likanipiga usoni. Gari la mizigo lilikuwa limesimama, ningeweza kulishika kwa mkono bila kushuka. Dereva alishuka. Hakunitukana. Aliniuliza kwa upole kabisa kama nina matatizo nyumbani, kwa sababu nilisimama, nikatazama, kisha nikamwingilia mbele.

Wifi yako alinisindikiza nyumbani tukizikokota baiskeli. Kesho yake akanipeleka kwa daktari wa macho.

Daktari ni binti mdogo tu, mwenye sauti ya taratibu. Alinikalisha mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, akanipa kitufe, akasema niikodolee macho nukta ya katikati, na kila nikiona kitaa kinamwekamweka pembeni nibonyeze. Nikabonyeza mara chache. Kisha nikakaa, nikakaa, hakuna kitu. Nikadhani chombo kimekwama. Nikamuuliza tutaendelea lini. Akaniambia kwamba tumeshamaliza. Taa zilikuwa zinawaka muda wote ule.

Ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, polepole, haiumi, haiwashi, na katikati inakuachia pazuri mpaka karibu na mwisho, ndiyo maana mtu hajui. Hata giza huoni. Ubongo unaziba yale mapengo kwa barabara tupu. Kulia kwangu hakuna kilichobaki, na kushoto kunafuata. Nilimuuliza kama kuna miwani. Akasema hakuna miwani, na kilichokwisha kwenda hakirudi; kuna dawa ya matone ya kuchelewesha kilichobaki, ila nimekuja nimechelewa mno, asinidanganye. Funguo za basi nimezirudisha mwenyewe. Nilipofikiria watoto niliowabeba kwenye viti vile, nilitapika nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mimi si mtu wa kulia, unanijua, lakini sasa nalia nikifunga viatu.

Hilo ni la kwanza. Sasa pumua, usome lililobaki.

Yule binti aliniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Nikacheka. Nikamwambia kwamba baba yangu alikuwa fundi saa, alikuwa anaokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga kwa kibano, na mtaa mzima ulikuwa ukisema macho yake si ya binadamu. Akaniambia kwamba hiyo ni katikati. Akaniuliza habari za pembeni. Je, alikuwa anajigonga? Alikuwa anaangusha vikombe? Watu walikuwa wakimsalimia anawapita?

Dada, hapo ndipo yakaanza kunirudia. Unakumbuka watu walivyokuwa wakisema Baba anaringa, hasalimii? Unakumbuka Mama akimfokea kwa kumwaga chai, kila siku mkono uleule?

Na mchezo wetu. Kutangaza njia. Baba katikati na baiskeli yake nyeusi, wewe umetangulia kushoto, mimi kulia, na sheria ilikuwa tutangaze kila kitu kinachokuja. Wewe ulikuwa ukipaza sauti mpaka mbwa wanakimbia, ndiyo akakuita Tarumbeta. Mimi nilikuwa mtoto wa aibu, nikawa napiga kengele tu, akaniita Kengele. Shimo, kushoto. Mtu, kulia. Na yeye anajibu kila mara, kwa ile sauti yake ya kujivuna, kwamba ameona, ameona. Tulidhani anatuchezea. Tulikuwa tukigombania nani ametangaza vingi. Hakuwa anatuchezea, dada. Sisi ndio tulikuwa macho yake, na alikuwa anaona aibu kutuambia.

Siku ile Baba alipogongwa pale kivukoni sisi tulikuwa shuleni. Alitoka peke yake. Na dereva wa lile lori lililomuua aliapa mbele ya watu kwamba Baba alisimama, akatazama huku na huku, barabara haina kona wala kichaka, kisha akakanyaga pedali akaingia mbele yake. Neno kwa neno, kama yule aliyeniuliza mimi. Ndipo ikasemwa kwamba alijipeleka mwenyewe. Mama alilibeba lile neno mpaka naye tukamzika, akijiuliza alimkosea nini mumewe. Hakumkosea kitu. Baba hakututupa. Alitazama akaona barabara tupu. Nimeiona mimi mwenyewe, pale pale, ile barabara. Ilikuwa nzuri kabisa.

Nilitamani habari hii iwe ya furaha. Usiku na mchana nimetafuta namna ya kuifurahia, kwamba tumerudishiwa baba yetu, nimeshindwa, kwa sababu ya kile alichokisema yule binti nikiwa tayari nimeshika kitasa cha mlango. Alisema huu ugonjwa unatembea ndani ya nyumba. Akaniuliza kama nina ndugu.

Ulipokuja kututembelea uliweka glasi pembeni ya meza, hewani, ikaanguka, ukasema meza yetu imehama. Tukacheka wote. Ulimpita mwenzako uliyesoma naye, akakuita mara mbili, ukasema uzee. Na juzi kwenye simu ukanisimulia, ukicheka, kwamba mlango wa jiko lako umekuchukia, kila siku unakugonga bega. Nilikuuliza bega gani. Ukasema hilohilo la kushoto, kwani vipi? Nikakata simu nikasingizia mtandao.

Sijui kama ninachokiogopa ni kweli. Labda kwako ni mapema, labda matone yatausimamisha ugonjwa. Kwangu jua limeshatua, sina la kukuficha. Lakini nikifikiria kwamba na wewe umekaa hapo unanisoma kwa ile sehemu ya katikati iliyobaki, nakosa hata pa kushika. Nenda kapimwe kesho. Usiende na baiskeli. Mwambie shemeji akushike mkono, na atembee upande wako wa kushoto. Kisha wapeleke watoto.

Wifi yako amezitundika baiskeli ukutani. Nisalimie wote hapo nyumbani, wabusu watoto kwa niaba yangu.

Natangaza, dada. Shimo, kushoto. Na nakusihi, usinijibu kama Baba.

Mdogo wako,
Kengele