Mbebeni Baba Bila Mshipi

Mtowisa,
Bonde la Rukwa,
24 Februari, 1994.

Mpendwa Baba Mdogo Eustace,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, na kifua chako kimepoa licha ya baridi ya huko juu. Mama mdogo Kalista hajambo? Huku ni joto na mbu, ila mke wangu Minza na mtoto wanakula, kwa hiyo kwa hilo silalamiki.

Mimi sijambo ya mdomoni tu. Paja langu la kulia lina kidonda tangu Januari na hakijafunga. Nitakueleza.

Jana nimepata barua ya dada Dominika. Anasema baba hali tena, anapewa maji kwa kijiko. Mlipokuja wewe na wenzako wa Chama cha Mtakatifu Yosefu kumsalia, mlitaka afungwe kiunoni mshipi wake wa chama, haukuonekana. Mkapekua hadi sanduku la nguo. Dominika ameandika maneno yako kama ulivyoyatamka: “Kaka ameuza mshipi kama mlevi anavyouza suruali. Basi akifa hatumbebi. Atapanda mkokoteni kama gunia.” Baba akageukia ukutani, akanyamaza.

Baba Mdogo, baba hakuuza. Mshipi nilikuwa nao mimi.

Unakumbuka mwaka juzi mbolea ilivyopanda, na wanunuzi wa mahindi walivyokuja na madebe yao yaliyotunishwa ili yabebe zaidi. Nilipoamua kuteremka huku kutafuta kibarua, baba alinifunga mshipi chini ya shati. Akasema, “Bondeni huna wa kukubeba. Nenda nao, utaurudisha ukisikia nimelala kitandani.” Sheria aliijua kuliko mimi: mshipi hautoki nyumbani, na mtoto huufungua kiunoni mwa baba yake akishakata roho. Aliivunja kwa ajili yangu. Sasa ananificha kwa kunyamaza.

Ninalima kwa maksai wa Limbu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi. Ni mtu wa utani. Siku ile ya Januari alinipigia kelele, “Wewe Mfipa, maksai hajabatizwa! Usimwombee, mchape!” Nikamchapa, akanigeukia na pembe. Damu ilikataa kusimama. Sikuwa na kingine, nikaufungua mshipi nikakaza paja. Nilipofikishwa kwa mganga wa zahanati aliukata kwa mkasi, ukachomwa pamoja na pamba chafu. Ningeandika siku ileile. Niliogopa. Hilo ndilo kosa, na ni langu.

Sasa nisikilize, ingawa niliishia darasa la nne. Babu alinisimulia mwanzo wa chama chenu. Mwaka wa nzige wanaume walikuwa Tanga kwenye mkonge, na wanawake waliburuta maiti kwa ngozi za ng'ombe hadi makaburini. Kumi na wawili waliporudi waliona aibu, wakaapa mbele ya altare kwamba hakuna mwanamume wa parokia atakayeburutwa tena. Siku hiyo hawakuwa na mishipi. Walijifunga kamba za katani walizorudi nazo. Walibeba wafu miaka mitatu ndipo masista wakawashonea mishipi ya kahawia. Babu alikuwa mmoja wao. Kiapo kilikuwa mabega, Baba Mdogo, si kitambaa.

Ningekuja kuyasema haya mwenyewe. Barabara imekatika, lori la mpunga limekwama siku ya nne leo. Leo alfajiri nilijaribu kwa miguu, nikaanguka hata mlima sijaufikia. Minza alinirudisha akilia. Barua anaichukua jirani yetu, anayepanda leo kwa njia ya mkato.

Najua nafasi ya babu chamani hurithiwa na mtoto aliyeufungua mshipi. Mimi sina cha kufungua. Nifuteni. Someni jina langu kanisani sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, semeni nimepoteza kitu cha wazee, sitabisha. Mpeni nafasi hiyo mwingine. Lakini wewe ndiye mwenyekiti, ukiinama kushika jeneza wote watainama. Na kabla hajafa nenda umwambie sikioni kwamba umeshajua, asife amebeba kosa langu.

Msalimie mama mdogo Kalista. Dominika mwambieni asigombane na mtu tena. Mungu akulindie kifua chako, na akupe nguvu ya mabega kwa siku hiyo moja.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukinifuta,

Wilibrodi