Mhogo chini ya kawa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Mji wa Kale. Sote wazima, na mamako kapona mafua.

Waniuliza kama uwafiche wenzako unaokaa nao huko mhogo unaopika. Nami nilikuwa msichana wa haya. Ramadhani moja miaka ya sabini, mama alinituma kwa jirani na sahani ya mhogo wa nazi niliopika mwenyewe, imefunikwa kawa. Nikakuta meza imejaa keki za dukani, nikataka kurudi nayo. Mgeni wao mzee akafunua.

“Nani kapika?”

“Mimi,” nikanong'ona.

Wakaumaliza. Sahani hairudi tupu, ikarudi na keki. Mama akacheka: “Chakula wamekula wao, sisi wametuachia sukari.”

Pika, mwanangu, na mlango uuache wazi.

Bibi yako