Kigingi Chekundu

Jumatatu, 9 Septemba

Mita mia na themanini, na vumbi tupu! Nilisema nyufa zenye maji ziko kati ya mia na sitini na mia na tisini. Nilisema, nikaandika, nikatia sahihi. Sasa fundi wa mtambo wa kuchimba visima — tunamwita Spana, hata mkewe anamwita hivyo — ananikunjia uso mbele ya watu: huu mwamba hata jasho hauna.

Bosi kanipigia. Eti vile ni vipimo vyangu au ndoto zangu? Kucheka kule! Mwezi uliopita siku nne nimeburuta nyaya za kupimia maji juani mpaka pua ikabambuka, yeye yuko chini ya feni. Kisima kikiwa kikavu, mtambo unaondoka na kijiji kinarudi mwisho wa foleni. Miaka mitatu, labda minne.

Na hiki ni kijiji cha Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama. Ndiye aliyenilea. Nimefikia kwake.

Jumanne, 10 Septemba

Mia mbili. Vumbi. Akina mama walikuja na ndoo tangu asubuhi, wakakaa, wakaondoka nazo tupu. Hakuna aliyenisema. Heri wangenitukana.

Mama Mkubwa alitoka alfajiri, karudi saa saba mchana na dumu moja la maji ya kahawia kutoka shimo la mtoni. Nyonga inamsumbua, siku hizi anatembea upande upande. Kanimiminia kikombe kizima ninawe uso. Eti nimenuna, na uso wenye vumbi hununa mara mbili. Nilitaka kulia. Nikanawa.

Jumatano, 11 Septemba

Sina la kuandika. Nimekasirika tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Wamekihamisha! Kigingi changu, kile cha chuma nilichokipaka rangi nyekundu kuonyesha pa kuchimba — wamekihamisha! Daftari langu linasema mita arobaini na moja kutoka kwenye jiwe kubwa. Nimepima kwa tepu: sitini na nane. Nimepima mara tatu. Jumamosi walipoanza kuchimba nilikuwa kijiji cha pili, kwa amri ya Bosi. Niliporudi nikaona rangi nyekundu, nikaamini. Mjinga mimi!

Nikamvaa Spana. Mvivu wee, lori limeshindwa kupenya kwenye miiba ukajisogezea! Akasema, dada, mimi nachimba penye kigingi, ukikisimika chooni nitachimba chooni. Watu wakacheka. Hapo damu ikanipanda. Nikaandika ripoti palepale kwenye simu: fundi kahamisha alama. Nikaituma.

Bosi kajibu upesi kuliko siku zote. Kosa likiwa la fundi, tunapewa shimo la pili, Jumamosi. Spana achimbe, kisha arudishe funguo, kazi basi. Lingekuwa la wanakijiji, kasema, kijiji kingefutwa kabisa kwenye orodha. Ndiyo kanuni.

Ijumaa, 13 Septemba

Nililala fofofo. Naandika ili nikumbuke nilikuwa mtu gani jana.

Asubuhi Mama Mkubwa alikuwa anamkamua yule mbuzi wake mkorofi. Kaniuliza kama watu wa mtambo wameshukuru. Washukuru nini? Kumbe alimfunga mbuzi kwenye "kale kachuma kenu," mbuzi akakang'oa, akakaburuta hadi kwenye kivuli. Yeye akakapigilia tena hapohapo, kwa jiwe, imara, wiki mbili kabla mtambo haujafika. Angeacha hivihivi si angetuharibia kazi? Alivyofurahi! Kamba ya mbuzi bado ina rangi nyekundu ya kigingi.

Nikamkaripia. Mimi, nikamkaripia Mama Mkubwa! Nikamwambia asimwambie mtu, basi, bila kueleza sababu. Nani alimweleza kazi ya kile kigingi? Nilikipigilia, nikaingia garini, nikaenda zangu. Nilidhani rangi nyekundu inajieleza.

Nikimsafisha Spana, maji yamekwenda. Nikinyamaza — ana watoto watano yule. Na huyo aliyetunga kanuni hiyo hajawahi kujibebea hata glasi ya maji! Sijui ninamchukia nani zaidi, yeye au mimi.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika ndani ya gari, penseli inaruka kwa mngurumo. Shimo jipya, mita arobaini na moja kutoka kwenye jiwe. Mia na hamsini, vumbi. Mia na sitini na mbili — tope! Tope! Akina mama wanapiga vigelegele. Spana kaja dirishani, kafungua kiganja, kanionyesha tope lile, karudi mtamboni. Bora angenitemea mate.

Gari la Bosi limeingia. Karatasi iko mkononi mwake: nitie sahihi ripoti yangu, mbele ya Spana.

Na Mama Mkubwa huyoo, kavaa gauni lake zuri, anamburuta mbuzi. Asubuhi nilimkumbusha anyamaze. Akanicheka: sijisifu mwanangu, ila mkubwa wenu akija lazima ajue nani alikirudisha kigingi.

Spana kaiona kamba. Kainama, kaishika, kaitazama rangi. Sasa ananitazama mimi.

Kazima mtambo. Sasa kila neno la Mama Mkubwa litamfikia Bosi.