Divai Niliyompelekea Baba Yake Spesi

Bujumbura, Jumapili jioni, 1967

Bado nacheka peke yangu, ingawa mchana nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bia kila mtu hupeleka. Mimi karani nilitaka kumposa Spesi kwa divai, baba yake aone nimestaarabika. Dukani kwa Mgiriki sikuijua hata chupa moja. Nikachagua nyekundu tamu, ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu karatasi yake ilikuwa na maandishi ya dhahabu.

Kule kwao Ruziba, baba yake, Mzee Karoli, aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, kisha akavua kofia.

"Mutoto, hii ni ya misa! Mi ndiye ninamutayarishia Padri kila Jumapili."

Na mimi nilijua anahudumu kanisani! Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Mjomba wangu niliyekwenda naye, aliyekwisha kunyoosha bilauri, akairudisha polepole na kufanya ishara ya msalaba. Nikaeleza kwamba haijabarikiwa, ni ya dukani tu.

"Apana," akasema shangazi yake Spesi. "Mi siwezi kuikunywa bila kuungama."

Basi tukanywa pombe yao ya ndizi, na chupa yangu ikawekwa kabatini, kando ya sanamu ya Bikira Maria. Nikajua nimekataliwa. Spesi hakuniangalia hata mara moja, alikuwa anabana kicheko.

Wakati wa kuaga, mzee akanishika mkono.

"Tutaifungua siku ya ndoa yenu. Lakini usikawie, isije ikachacha."