Kwa Hiram Wepukhulu, Aliyeuawa kwa Ajili ya Stempu

Baba,

Mwaka umezunguka tangu Jumamosi ile ya tarehe kumi na nne Novemba, 1953, ulipokatwa kwa panga saa sita mchana, uani kwako Misikhu, mbele ya macho ya Mama. Tunakuandikia wewe, lakini tunajua na wengine watasoma, na tunataka wasome. Kuna watu Kitale ambao mpaka leo wanasema uliuawa kwa sababu ya mali uliyoficha. Hukuficha kitu. Ulikuwa na daftari moja la stempu, na kila aliyetaka kuliona ulimwonyesha, mradi anawe mikono kwanza.

Tuanzie pale ulipopenda kuanzia wewe mwenyewe.

Mwaka wa 1923 ulikuwa mpishi kwa Kaburu mmoja upande wa Endebess. Mkewe alikuwa Mjerumani. Hakuwa na jamaa huku, ila barua za mama yake tu, na ni wewe uliyezifuata Kitale kwa miguu. Ukaona jambo. Bahasha za mwanzo wa mwaka zilikuwa na stempu mbili tatu. Kufikia Agosti zilijaa mbele na nyuma. Kisha zikaanza kuja stempu zilizopigwa chapa mara ya pili: bei ya zamani ingali inaonekana chini, na juu yake wino mweusi umeandika bei mpya. Mia mbili imekuwa laki nane. Elfu tano imekuwa milioni mbili.

Ulimwuliza memsaabu, naye akakujibu kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Wepukhulu, pesa ya kwetu nakufa. Serikali hapana pata nafasi tengeneza stempu mpya. Nachukua ile ya zamani, napiga namba juu." Halafu akalia. "Mama yangu nauza kitanda, nanunua stempu, naandikia mimi."

Barua ikishasomwa, bahasha ilitupwa kwenye kikapu cha kuwashia moto. Ukaanza kuziokoa. Siku moja Kaburu alikukuta umezishika, akasema unaiba barua za mke wake. Alikufunga kwenye gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, akakuchapa kiboko mpaka mkono wake ukachoka, kisha akampa nyapara aendelee. Pigo moja lilipanda juu likapasua sikio lako la kushoto. Ndiyo maana sisi wanao tulikua tukijua kukaa upande wako wa kulia tukiwa na neno. Mgongo wako tuliuogopa. Ulipovua shati kuoga tuliangalia kando.

Wiki iliyofuata ukarudi kwenye kikapu kilekile. Mama alikuuliza mara nyingi kwa nini ulirudi, na jibu lako halikubadilika.

"Yule mama mzee aliuza kitanda, Dinah. Mtu anaweza kutupa hiyo kwa moto?"

Memsaabu alipoondoka Endebess alikuachia bahasha zote zilizosalia, zimefungwa kwa uzi. Baadaye ukaajiriwa posta ya Kitale, kwanza tarishi, kisha mpanga barua, miaka ishirini na minne. Wakati wa vita vya Hitila, barua za askari zilifika zimeandikwa "Kwa Mama, nyumba ya pili baada ya mto", na wenzako wakaziweka kando. Wewe ulizichukua siku yako ya mapumziko ukapanda baiskeli. Jirani yetu wa siku za Kitale, Waruguru, aliyetoka Nyeri na kulima Trans-Nzoia, hupenda kusimulia jinsi ulivyofika kwake umeloa matope hadi magotini, ukamsomea barua ya mwanawe kutoka Burma mara tatu, kisha ukakataa chai kwa sababu ulikuwa na barua nyingine mfukoni.

Jumapili baada ya kanisa ulitandika kitambaa cheupe mezani. Sabuni, maji, taulo. Kibano chako ulikitengeneza kwa waya wa mwavuli. Ulitufundisha kuloweka stempu katika beseni la maji baridi mpaka gundi iachie yenyewe, kuitelezesha bila kuivuta, kuilaza juu ya gazeti kuukuu. Nyingine ulipata kwa kubadilishana na dukawala mmoja wa Kitale ambaye naye alikusanya. Ulipofika zile za chapa ya pili ulishusha sauti. "Angalieni. Namba ya chini ndiyo watu waliamini. Hii ya juu ni njaa." Hukuwahi kutuambia zina thamani ya fedha. Ulisema zina watu ndani yake.

Sasa tufike mahali pagumu, Baba. Tulibishana kama tupaandike. Mama akasema paandikwe.

Wabwile, kitinda mimba wako, alikuwa Kitale akifanya kazi kwenye ghala la mahindi. Mwezi wa Oktoba, katika klabu ya pombe ya busaa, wenzake walimcheka. Walisema, ati babako alikuwa mtu wa kubeba barua za wazungu, tena alichapwa kama punda. Wabwile akapandwa na hasira. Akawaambia wanyamaze, babake ana karatasi za milioni, milioni za Wajerumani, ameziona kwa macho yake na kuzisoma. Hakusema stempu. Alisema milioni.

Jumamosi ile ulikuwa umekaa nje, maana macho yako yalihitaji mwanga. Mama alikuwa akitwanga mtama karibu na jiko. Dada yetu Agneta alikuwa sokoni. Watu watatu waliingia kupitia migomba. Mama alidhani ni wageni wako, akaanza kufuta kiti.

"Mzee, tumekuja kwa ile milioni," mmoja akasema.

Ulicheka. Mama anakumbuka kwamba ulicheka, ukafurahi hata, kwa kuwa ulidhani wametoka mbali kuja kuona stempu. "Naweni mikono," ukawaambia.

Yule mtu akakupiga ubavuni kwa ubapa wa panga. Ukaanguka pamoja na meza. Ulipoinuka ulilichukua daftari ukampa kwa mikono miwili. Tunataka kila mtu ajue hilo. Hukuling'ang'ania. Hukufa kwa sababu ya ubahili. Ulimpa.

Akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akararua. "Hii ni karatasi ya barua! Milioni iko wapi?"

"Ndiyo hiyo umeshika, kijana wangu. Hakuna ingine."

Alikukata mkono kwa sababu ya jibu hilo. Alidhani unamchezea.

Wa pili akamshika Mama kwa kitambaa cha kichwa, akamvuta shingo nyuma na kuweka makali kooni. "Sema, ama huyu anaenda." Mama anasema aliyaona macho yako, na hayakuwa macho ya mtu anayetafuta neno la kusema, kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa na miaka sitini na mkono mmoja wa kutumia. Ulinyakua mpini wa jembe ulioegemea ukuta ukampasua yule mtu mdomo na meno. Akamwachia Mama.

"Dinah, kimbia!"

Hakukimbia. Umemjua miaka thelathini na mitano, ulitegemea akimbie? Alichukua mchi aliokuwa akitwangia, akampiga wa tatu gotini, na mlio wa mfupa ule anausikia hadi leo akitwanga. Lakini yule wa kwanza alikuwa bado mzima, na alikuwa nyuma yako, upande wa sikio lisilosikia. Mama alipiga kelele kukuonya. Yule mtu alikukata bega, kisha shingo. Ulianguka juu ya kitambaa cheupe.

Wawili walikimbia kuelekea barabara ya Webuye. Yule wa goti alitambaa hadi kwenye migomba, na hapo majirani wakamfikia. Hatutapamba kilichofuata. Walimpiga mawe. Alijikinga uso akilia, "Si mimi! Ni Wabwile alisema! Mtoto wake mwenyewe alisema mzee ana milioni!" Hawakuacha. Mama alikuwa amekupakata, damu yako ikimwingia mapajani, na alisikia kila jiwe. Angeweza kuwaambia waache. Hakuwaambia. Amekiri hivyo kanisani, na sasa anakiri kwako.

Wabwile alifika Jumapili asubuhi juu ya lori la mahindi. Alikuwa amepata habari kwamba umekufa, lakini sababu hakuambiwa. Mdogo wako Walubengo alimngojea langoni na rungu, na nyuma yake vijana wa ukoo kama kumi.

Pigo la kwanza lilimwangusha. La pili lilimkuta Mama. Alikuwa ametoka nyumbani mbio, akajitupa juu ya mwanawe, na rungu likavunja mkono wake wa kulia juu ya kiwiko. Wote waliusikia ukikatika. Walubengo akabaki amesimama, rungu mkononi.

"Endelea, shemeji," Mama akasema kutoka chini. "Maliza. Halafu mwende mkawatafute wale wawili waliotoroka, muwaambie kazi yao mmewasaidia."

Hakuna aliyesogea. Mama akajiinua, ule mkono ukining'inia, na kwa mkono wa kushoto akampiga Wabwile makofi mpaka pua ikatoka damu.

"Ulisema nini huko Kitale?"

"Nilisema Baba yuko na milioni."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananicheka, Mama. Walimcheka Baba, ati alichapwa kama punda. Nilitaka wamwogope kidogo tu."

Mama akakaa chini, palepale vumbini, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu ukatwe.

Tulikuzika Jumanne. Waruguru alitoka Kitale akiwa na kibali cha kusafiri alichokitafuta siku nzima, maana tangu serikali itangaze Hali ya Hatari watu wa kwao hawatembei bila karatasi. Alipiga magoti kaburini akaita jina la mwanawe, askari yule wa Burma, ili ujue ni nani anakushukuru.

Wale wawili walikamatwa karibu na Lwakhakha wakijaribu kuvuka mpaka. Mahakama iliwahukumu kifo mwezi wa Mei, na Julai wakanyongwa. Mama aliitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa mali iliyotakwa ilikuwa ya kiasi gani. Mawakili walikuwa wamempelekea daftari yule dukawala rafiki yako alikadirie, naye alisimama akasema kwa shida kwamba stempu zako zilichapwa kwa mamilioni, kwamba hakuna zenye bei ya chini kuliko hizo, na kwamba daftari zima halingenunua gunia moja la mahindi. Alipotoka nje alimshika Mama mkono. "Lakini hakuna mtu alizipanga vizuri hivyo," akasema.

Baba, nusu ya daftari ilikanyagwa udongoni siku ile. Wabwile aliokota stempu moja moja. Jioni zote za Desemba alikaa na beseni uani, amenawa, akiziloweka zitoke udongo na damu, akizilaza juu ya gazeti. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyekaa naye pia. Baba mdogo Walubengo alipita njia ya nyuma kwa miezi kumi na mmoja asimwone. Nasi wengine hatukuwa bora sana. Agneta alimpakulia chakula bila kumwita jina. Kuna siku tulimchukia, Baba, na kuna siku tulimsikia akiongea na wewe peke yake tukashindwa hata kumchukia.

Mwezi huu tulipokaa kuandika tangazo hili, tulifika mahali pa kutaja majina ya wanaokukumbuka. Walubengo akasimama.

"Jina la huyo likiingia, langu litoke. Siwezi kuandikwa pamoja na ulimi uliomuua ndugu yangu."

Wabwile akasema, "Mnitoe mimi. Ni sawa."

Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuacha. "Hakuna atakayetoka," akasema. "Wabwile alimwua baba yake kwa mdomo, nami nilimwacha mtu afe kwa mawe nikiwa na mdomo wa kusema. Mkitoa wenye makosa, hiyo karatasi itabaki na jina la nani? Lako, Walubengo? Nyoosha huo mkono wako nikuonyeshe wangu jinsi ulivyoungana vibaya."

Baba mdogo alichukua kofia akaondoka bila kuaga. Siku ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Siku ya tatu tulimwona akija kwa njia ya mbele, akapita karibu na Wabwile aliyekuwa akipasua kuni, akasimama. Kisha akachukua shoka la pili, wakapasua pamoja mpaka kuni zikaisha. Alipomaliza alisema mlangoni, "Mama Wabwile, usinitoe."

Ibada itakuwa nyumbani Misikhu, Jumapili hii, saa nne asubuhi. Wanaokuja wote wanakaribishwa, wa Bungoma na wa Kitale.

Unakumbukwa na mkeo Dinah; wanao Agneta, Wabwile na sisi wengine tunaokuandikia haya; mdogo wako Walubengo; jirani yako Waruguru; na wote uliowafikishia barua zao.

Lala, Baba. Muda wote tulio hai, jina lako litatajwa katika nyumba hii.