Nyaya Mbili za Kipimajoto Chako

Boito

Mjukuu wangu mpendwa Chebet,

Nakusalimu kwa upendo na kuomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Sisi tu wazima, na majani chai yamechipua vizuri. Mama yako ataletewa vifaranga wapya Ijumaa, naye anakitegemea kipimajoto chako, maana wale wa kwanza waliuawa na baridi.

Unasema kinawaka, lakini kompyuta haipokei chochote, ingawa umeunganisha kila waya na ule wenye jina kama lake. Uniwie radhi, kompyuta siijui. Ila ujanani niliunganisha simu mbili, moja kiwandani, nyingine kwenye kituo cha kupimia majani. Shule ya misheni ilitufunza unadhifu, basi nikafunga nyaya za kusemea pamoja, na za kusikilizia pamoja. Tulipaza sauti hadi koo zikakauka, wala hakuna aliyesikia.

Mwenzangu Ochieng', mtu wa upande wa ziwa, alifungua kifuniko akacheka. "Bwana Misheni, umefunga mdomo kwa mdomo! Sasa sikio litasikia nini?"

Tukazipishanisha nyaya, nikamsikia akinisalimu.

Tafadhali jaribu vivyo hivyo: waya wa kutuma wa kipimajoto uingie panapopokea kompyuta, na wa kutuma wa kompyuta uingie panapopokea kipimajoto. Nyingine ziache zilipo.

Marehemu nyanya yako alikipenda kisa hicho. Kila nilipobishana naye kwa maneno mengi, aligusa sikio langu kwa kidole, nami nikanyamaza.

Kipimajoto kikikubali, nipigie simu kabla ya Ijumaa. Useme wewe, mimi nitasikiliza.

Babu yako akupendaye